Usiniambie pointi zake, niambie kama anasoma

Mwanzo wa Julai ukifika, Lemera milimani kama Uvira mjini, swali ni lile lile: "Wako amepata ngapi?" Watoto wamejipanga uwanjani, direkta ameshika karatasi, majina yanaitwa kwa asilimia, na akina mama wanapiga vigelegele. Mtoto wa 65 anabebwa mabegani hadi nyumbani. Kuku akipatikana, anachinjwa. Sina ugomvi na kuku huyo, mdogo wangu. Mtoto ametembea njia ya milima mwaka mzima, kwenye matope na kwenye vumbi. Mfurahie, ni haki yake. Ila kabla hujashika kisu, chukua kitabu chochote kilicho nyumbani, kifungue katikati, umwambie mwanao taratibu: "Nisomee hapa." Kuku atasubiri.

Najua wengi wenu mtakachokiona, maana ndicho mnachoniletea kila mara kwa sauti ya chini, kama watu wanaoficha aibu. Mtoto yuko darasa la tano. Somo la kitabu chake analitiririsha lote bila kukosea, macho yakiwa kwenye dari. Unafurahi. Halafu unaweka kidole katikati ya mstari na kumwuliza, "Neno hili?" Kimya. Anarudi mwanzo wa ukurasa, analiimba tena mpaka alifikie. Daftari lake nalo ni safi, mwandiko umenyooka, kila kitu kimenakiliwa kutoka ubaoni. Lakini mwambie akusomee alichokiandika yeye mwenyewe jana, uone atakavyokuna kichwa. Huyo, mdogo wangu, bado hajui kusoma. Amejifunza kukariri na kunakili, na mengi amejifunza kwa nguvu zake, lakini kusoma bado.

Wewe ni mkulima, au umezaliwa na mkulima, kwa hiyo hili utalielewa upesi. Muhogo ukiwa na majani mapana haukuambii chini kuna nini. Mwenye shamba anayetaka ukweli huchimbua shina moja akaona. Pointi ni majani. Kusoma ndiyo mizizi. Na wengi wetu tumekuwa tukisifu majani kwa miaka sita mizima, tukishangaa njaa inatoka wapi.

Usianze kulia sasa, wala usimwite mtoto umchape. Kwanza ujue kwamba hauko peke yako. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika nchi yetu, kati ya watoto 100 wenye umri wa miaka 10, karibu 97 hawawezi kusoma maandishi mafupi na kuyaelewa. Tisini na saba! Basi ukimwona jirani anajigamba kwa pointi za mwanawe, nyamaza, umwonee huruma. Huenda na yeye hajachimbua.

Majirani zetu wa mashariki waliwahi kujiuliza kama watoto wao wanasoma kweli. Kuanzia mwaka 2009, mpango ulioitwa Uwezo ulianza kutuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba huko Tanzania, Kenya na Uganda. Hawakwenda kuuliza mtoto yuko darasa gani. Walimpa karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi, ya kiwango cha darasa la pili, wakamsikiliza. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilisema kwamba watoto wawili kati ya watatu wa darasa la tatu walishindwa mtihani huo wa darasa la pili. Nchi hizo zina amani kutuzidi, zina barabara kutuzidi, na bado mambo yalikuwa hivyo. Kwa hiyo mwanao si mjinga, wala wewe si mama mbaya. Ila mficha maradhi kifo humuumbua. Ukishajua, usifiche.

Sasa tuongee kuhusu lile neno linalowachanganya wengi: bure.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Ikabaki maandishi kwa miaka. Wazazi waliendelea kulipa zile pesa tulizoziita "prime", zilizoanza miaka ya 1990 serikali ilipoacha walimu bila mshahara wa kueleweka, na wazazi wakaingia kuwabeba ili shule zisifungwe. Mnakumbuka mtoto alivyofukuzwa katikati ya somo kwa sababu ya faranga chache, akarudi nyumbani analia, na wewe ukakimbia kuuza kuku wa mwisho. Septemba 2019 Rais Tshisekedi akaanzisha masomo ya bure kwa vitendo, na milango ikafunguka. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi wakaingia darasani, wasichana waliobaki kulea wadogo zao wakaingia. Ni jambo jema, na asikudanganye mtu kwamba ni baya.

Lakini mlango ulipofunguka, vyumba havikuongezeka kwa kasi ile ile. Dawati la watoto wawili likabeba wanne, wengine wakakaa chini. Uganda waliyaona hayo mwaka 1997, Kenya mwaka 2003. Nchi inayofungua shule kwa wote kwa mara moja lazima ipitie msongamano huo. Tofauti inatokana na nani anaamka mapema kuushughulikia. Na hapa ndipo wengi wenu, wadogo zangu, mlipolala. Mlisikia "bure" mkadhani kazi ya mzazi imekwisha. Mtoto kaoga, kavaa bluu na nyeupe, katoka nje ya ua, basi. Mengine ya mwalimu, na ya mwalimu ya serikali. Hapana! Bure ni karo. Macho yako, masikio yako na muda wako havijawahi kuwa bure, na hakuna serikali itakayokulipia.

Tena muacheni mwalimu apumue. Nasikia watu wanavyowasema: wavivu, wanakuja wakitaka, wanalala darasani. Wapo wa namna hiyo, siwezi kuwatetea wote. Lakini uliza kwanza mwalimu wa mwanao analipwa au halipwi. Kongo hii ina walimu wanaofundisha miaka bila jina lao kuingia kwenye orodha ya mishahara. Wenyewe wanajiita N.U., yaani wapya wasiotambuliwa bado, hata kama "upya" wao umezeeka. Zamani ile prime iliwashika mkono kidogo. Prime ilipoondoka, kuna waliobaki mikono mitupu. Anafundisha watoto themanini asubuhi, mchana anapalilia shamba ili wake nao wale. Na hata wanaolipwa, wengi wa vijijini hupoteza siku wakifuata mshahara mbali. Walimu wa Kivu Kusini walipogoma Septemba 2024, wengine mliwatukana sokoni. Mtu mwenye njaa akisema ana njaa, hajatukana mtu.

Sisemi uende kumpa mwalimu pesa kwa siri. Sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi huteleza. Kuna mkono wa kusaidia na kuna mkono wa kununua. Komite ya wazazi ikikaa, ikakubaliana mbele ya watu wote kwamba wazazi watapalilia shamba la mwalimu asiyelipwa, au watamwezekea nyumba kabla ya mvua, hiyo ni heshima ya kijiji na kila mtu anaijua. Lakini ukienda usiku na debe la maharagwe ili mwanao apande kutoka 43 hadi 55, umefanya nini? Umemlipa mtu akudanganye. Umenunua majani. Na mtoto atakwenda darasa linalofuata akiwa amebeba mzigo wa jana, atashindwa la leo, na kesho utatafuta debe jingine. Mpaka lini?

Nitakwambia mpaka lini. Mpaka mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la sita. Mtihani ule ni kwa Kifaransa, na maharagwe yako hayaufikii. Na hata akipita kwa kubahatisha, au kwa mtu aliyemnong'oneza, anaingia mwaka wa saba, anakutana na walimu wengi, masomo mengi, vitabu vya kusoma peke yake. Hapo hakuna wa kuimba naye ubaoni. Anaanza kutoroka. Anasema tumbo linauma. Mwisho anasema shule si yake. Mvulana anashuka bondeni kutafuta pikipiki ya mtu aendeshe, au anakwenda kwenye machimbo, au, Mungu aepushe, anafuatwa na wenye bunduki wanaopenda sana kijana asiye na kazi wala cheti. Msichana anaolewa kabla hajajua mwili wake vizuri. Kisha tunakaa msibani tukiulizana, "Huyu mtoto aliharibikia wapi?" Aliharibikia darasa la pili, mdogo wangu, aliposhindwa kusoma na hakuna aliyemsikiliza.

Kosa jingine linaloniumiza ni la lugha. Lemera mtoto huamka na Kifuliiru. Kifuliiru ndicho anachoombea maji, ndicho anacholilia. Sokoni na kanisani anakutana na Kiswahili. Shuleni anaanza kusoma kwa Kiswahili madarasa ya chini, kisha anageuziwa Kifaransa kadiri anavyopanda. Ngazi tatu hizo, kwa mtoto wa miaka sita. Na wewe mama unafanya nini? Unakwenda kugombana na mwalimu: "Kwa nini mnamfundisha Kiswahili? Kiswahili anakijua! Mimi nataka Kifaransa!" Unataka aseme "bonjour" mbele ya wageni, useme mwanangu anasoma.

Haraka haraka haina baraka. Kusoma hujifunzwa mara moja katika maisha. Mtoto akishafahamu kwamba alama zile ni sauti, na sauti zikiungana ni maneno anayoyajua, ameshavuka mto. Lugha nyingine atazifuata kwa ujuzi ule ule. Kiswahili kinamsaidia, maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa: ba ni ba, kila siku, kila mahali. Kifaransa kina herufi zinazoandikwa na kunyamaza. Ukimwanzishia huko mtoto asiyekisikia nyumbani, atakariri tu, kwa sababu hana la kukamata. Ndiyo maana sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe imezipa nafasi lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto katika shule ya msingi. Basi muache mwalimu wa darasa la kwanza afanye kazi yake. Na nyumbani msimulie mwanao hadithi za Kifuliiru, mwulize maswali, mfanye aeleze jambo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto anayejua kueleza kwa lugha ya mama yake ana kitu cha kupeleka shuleni. Usione haya kwa lugha yako mbele ya mwanao. Akikuona unaidharau, atakudharau nawe.

Ila pia usinigeuzie maneno. Sijasema Kifaransa kiachwe. Mtihani unakitaka, ofisi zinakitaka, na mtoto wa Lemera asinyimwe anachopewa mtoto wa Kinshasa. Nasema kila kitu kwa wakati wake, na kusoma kwanza.

"Lakini yaya, mimi mwenyewe sikusoma." Haya, nilijua tutafika hapa, na hapa nataka nikushike mkono. Wengi wenu mlikuwa watoto mwaka 1996. Tarehe 6 Oktoba mwaka ule hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani na wauguzi pamoja nao. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akiiongoza, dunia ilikuja kumjua baadaye kwa kazi yake katika hospitali ya Panzi na kwa tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 2018. Lakini ninyi mlioachwa milimani hamkupewa tuzo yoyote. Mlikimbia na magodoro vichwani. Madaftari yalibaki nyuma. Vita vilipotulia kidogo vikarudi, na vikarudi tena, na ulipopata nafasi ya kukaa darasani ulikuwa umeshabeba mtoto mgongoni. Nani atakulaumu kwa hilo? Mimi simo.

Ninachokukataza ni kuitumia aibu hiyo kama kinga ya kutofuatilia. Mama asiyejua kusoma anaweza kumpima mwanae vizuri kabisa. Mfungulie Biblia ya Kiswahili au kitabu chake cha shule ukurasa ambao hajaufundishwa. Mwambie asome sentensi mbili, kisha akwambie kwa Kifuliiru zimesema nini. Akisoma na kukueleza, sawa. Akisoma kama kasuku na hana la kueleza, umejua. Akishindwa sentensi, mwonyeshe neno moja fupi. Akishindwa neno, mwonyeshe herufi. Hapo umeshapata alipokwama, na hukuhitaji diploma. Mwambie aandike jina lako, halafu aandike la nyanya yake ambalo hakuwahi kuliona ubaoni. Na hesabu? Hesabu unaijua kuliko wengi: "Nina faranga elfu tano, nimenunua chumvi ya elfu moja mia tano, nirudishiwe ngapi?" Asubiri, ahesabu, akueleze alivyopata. Ukiuza mihogo sokoni, mchukue siku isiyo ya shule awe mwenye kurudisha chenji. Atakosea, utamsahihisha, atajifunza.

Na kama moyo bado unakuuma kwamba ulipitwa, mkumbuke mzee Kimani Maruge wa Kenya. Serikali yao ilipofanya shule ya msingi kuwa bure, alikwenda mwaka 2004 kuandikishwa darasa la kwanza katika shule moja ya Eldoret akiwa na miaka 84, akavaa sare, akakaa dawati moja na watoto wa umri wa vitukuu vyake. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe asisomewe na mtu. Sikulazimishi uvae sare. Lakini jioni mtoto akisoma, kaa karibu yake utazame kidole chake kinapopita. Wapo akina mama walioanzia hapo hapo kujua herufi, na mtoto anafurahi mno kumfundisha mama yake. Hakuna zoezi linalomfaa kuliko hilo.

Sasa nikukaripie kidogo, maana mapenzi bila karipio ni kubembelezana tu. Mavuno ya maharagwe yakifika, nani anabaki nyumbani? Mtoto. Siku ya soko, nani anabeba kapu? Mtoto, na mara nyingi ni msichana. Mdogo akiugua, nani analea? Msichana. Unasema, "Ni siku moja tu." Siku moja ya kila wiki, mdogo wangu, ni sehemu kubwa ya masomo yake yote, ukiijumlisha miaka sita, umemnyang'anya mwaka mzima au zaidi bila kujua. Na somo alilolikosa mwalimu halirudii, kwa sababu ana wengine themanini mbele yake. Akirudi Jumatano anakuta wenzake wamevuka, anaona haya kuuliza, anaanza kukariri. Pale pale ndipo shida inapoanzia. Kazi za nyumbani afanye, hatukulea watoto wa kioo. Lakini zifanywe baada ya shule, na kaka yake naye ashike ufagio.

Na ulimi wako. "Mjinga kama baba yako." "Kichwa chako kimejaa uji." Unasema kwa hasira, unasahau baada ya dakika. Yeye hasahau. Anakwenda na neno hilo darasani, mwalimu akiuliza swali hainui mkono, kwa sababu mama, ambaye hujua kila kitu, alishasema hajui. Pia fimbo: mtoto aliyepigwa kwa kukosea kusoma hujifunza jambo moja tu, kwamba kitabu kinauma. Atakikwepa kitabu kama anavyokwepa siafu. Akikosea, mrudishe alipoteleza, asome tena, akifaulu mwambie vizuri. Maneno mema hayagharimu faranga.

Nawe mwalimu mdogo wangu, uliyeajiriwa jana na kutupiwa watoto tisini, usidhani sikukuona umejificha nyuma ya wazazi. Najua pesa zako hazitoshi, najua chaki inaisha kabla ya mwezi, najua inspekta anauliza matayarisho ya somo kuliko anavyouliza watoto wanajua nini. Lakini kuna jambo lililo mkononi mwako. Ukisoma mbele na darasa likaitika kwa pamoja, wale kumi wa mbele wanasoma, na themanini wanafuata sauti. Sauti kubwa ya darasa isikudanganye. Shirika la Pratham la India lilijaribu njia ambayo nchi za Afrika kama Zambia ziliichukua: kwa saa moja kila siku, watoto wanagawanywa kufuatana na wanachokijua, si kufuatana na darasa lao. Wasiojua herufi pamoja, wanaosoma maneno pamoja, wanaosoma hadithi pamoja, kila kundi likipewa kazi yake. Haihitaji mashine wala pesa nyingi. Inahitaji kwanza ukubali kumsikiliza kila mtoto peke yake, watano leo, watano kesho, na kuandika ukweli kwenye daftari lako. Zungumza na direkta, zungumza na mwenzako wa darasa la jirani. Na usimpe mtoto pointi za huruma. Huruma ya kweli ni kumwambia mama yake mapema, Novemba, wakati bado kuna muda.

Turudi kwako mama. Kwenye mikutano ya wazazi mnakwenda kufanya nini? Shule zetu nyingi ziko mikononi mwa makanisa, kwa mkataba ambao serikali na makanisa waliutia sahihi mwaka 1977. Lemera ninyi mnajua kanisa la CEPAC lilivyosimama kwenye shule kama lilivyosimama kwenye hospitali. Basi mkutano ukiitishwa baada ya ibada, mnazungumza bati, sare na michango hadi jua linazama. Bati ni la lazima, mvua zetu tunazijua. Ila inua mkono uulize pia: "Watoto wangapi wa darasa la tatu wanasoma ukurasa mmoja wenyewe? Vitabu viko vingapi, na viko darasani au vimefungwa kabatini kwa direkta? Mwalimu yupi halipwi, na tumeandika barua gani kumhusu?" Uliza kwa adabu, bila kumshambulia mtu. Kuuliza si ujinga. Mkiuliza wengi, na mkiuliza kila mkutano, direkta ataanza kujiandaa na majibu, na kujiandaa huko ndiko kunakoleta mabadiliko. Kidole kimoja hakivunji chawa. Usiende peke yako, waite na akina baba, ambao hujitokeza tu siku ya proklamasio, pointi zinapotangazwa, kupiga picha.

Na shule ikifungwa, kwa mgomo, kwa mvua iliyokata barabara, kwa milio ya risasi, au mkijikuta tena mmehifadhiwa kwa watu bondeni, usiseme masomo yamesimama mpaka itakapotangazwa redioni. Kitabu kimoja kikiokolewa pamoja na sufuria, mtoto anaweza kusoma kila jioni. Kikikosekana, kuna mchanga wa kuandikia na kijiti. Mkubwa amsomeshe mdogo. Robo saa kila siku, haba na haba. Mtoto anayesoma kila jioni hatasahau, hata shule ikikaa miezi. Asiyesoma husahau upesi kuliko unavyodhani, na akirudi anarudi nyuma ya alipoachia.

Nasema tena nilichokisema, kwa sababu nawajua: mtakaporudi nyumbani mtasahau, na Julai mtaniambia pointi. Usiniambie pointi. Leo jioni, kabla hamjazima taa, mketishe mwanao karibu nawe, mfungulie ukurasa asioujua, umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Akisoma, mshukuru Mungu na umshukuru mwalimu wake. Akishindwa, usimpige, usimfiche, usimnunulie pointi. Nenda kamwone mwalimu kabla wiki hii haijaisha, mkubaliane atasaidiwaje shuleni nawe utafanya nini nyumbani.